Ndege Aliyekataa Kuamiwa

Kabla sijawaambia lolote kuhusu ndege, wajukuu zangu, tieni mikono mfukoni. Asiye na mfuko aikalie. Juzi niliwaona pale gatini Nyamisati mkipanda boti na wageni wenu, darubini shingoni, kofia nzuri kichwani, simu zenye kamera za kutisha, na mikono inaning'inia ovyo. Roho ilinidunda. Mikono ya mtoto wa Rufiji haiaminiki mbele ya ndege. Nasema hivyo kwa sababu mikono yangu nusura initoe kazini siku ya kwanza.

Mnajua wenyewe tulivyolelewa. Mpunga ukianza kuchanua, familia inahamia shamba, mnaishi juu ya dungu, kibanda cha miti chenye nguzo ndefu, na kuanzia alfajiri mpaka jua linazama kazi ni moja tu: kuamia ndege. Unapiga kelele, unapiga makofi, unagonga debe, unarusha tope kwa teo, kombeo letu, ndege asipate nafasi ya kutua. Hufikiri. Jicho likiona bawa, mkono umeshapiga. Mama yangu alisema nikiwa bado nanyonya nilijaribu kuamia jogoo aliyechorwa kwenye kanga ya jirani, na jirani mwenyewe alikuwa ameivaa.

Basi mtu wa malezi hayo ndiye ambaye Mwalimu Kassimu alimchukua awe nahodha wake. Mwalimu alikuwa akifundisha shule ya msingi kule Mahege, na likizo zake zote ziliishia kwenye matope ya delta akitazama ndege wa baharini. Watu wa Dar na wa nje wanaopenda ndege walipokuja, yeye ndiye aliyewapokea, na alihitaji mtu anayejua mikondo na mafungu ya mchanga. Aliniuliza kama najua mikondo nikamwambia najua. Hakuniuliza kama najua kunyamaza.

Safari ya kwanza tulikuwa na wageni wawili, mume na mke, waliotoka mbali kumtafuta aina moja ya ndege buabua wa bahari kuu ambaye kwetu haonekani ila kwa bahati. Tukamkuta. Alikuwa amelala kwenye fungu la mchanga katikati ya wenziwe mamia, mweusi mgongoni, kichwa amekificha. Wageni wakaanza kunong'ona na kuonyesheana vidole, wamekunja nyuso, mume anatetemeka mpaka darubini inagonga miwani. Mimi nikatazama nyuso zile nikaelewa mara moja kwamba watu hawa wanasumbuliwa na ndege. Nikaubana usukani kwapani, nikapiga makofi, nikatoa ile sauti ya dungu ambayo ukiitoa huku inasikika ng'ambo. Fungu zima likainuka, anga likawa jeupe, na kwa muda mfupi hapakuwa na ndege hata mmoja. Nikageuka kusubiri shukrani.

Mwalimu hakunifokea. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaniuliza kwa sauti ya darasani, "Hamisi, hapa umelinda nini? Tope?"

Wale wageni walinipa mgongo mpaka tunafika gatini. Nilidhani nimefukuzwa, lakini kesho yake Mwalimu alinipa kopo la kuchotea maji, akaniambia kuanzia leo mkono mmoja ukae kwenye usukani na mwingine kwenye kopo, boti iwe na maji isiwe nayo. Msimu mzima nikawa nachota maji ambayo hayapo. Wageni walinisifu kwa bidii, na mmoja aliogopa akauliza kama tunazama.

Hivyo ndivyo nilivyojifunza, taratibu, na kopo mkononi. Mwalimu hakuwa mtu wa kuanza na rangi. Alisema rangi inadanganya, jua likihama inahama nayo, ndege kijana ana rangi yake na ndege mzee ana yake. Anza kwa kuuliza huyu anakula vipi. Buabua anaruka juu anaangalia chini, kisha anajitupa majini kama kijiko. Shakwe hajisumbui hivyo, anazurura, anaokota, na akimwona mwenzake amepata anamnyang'anya. Yule mweupe na mweusi mwenye mdomo mnene, msese, anawinda kaa: anakimbia, anasimama ghafla, anakimbia tena, utafikiri kasahau kitu nyumbani. Ukishajua tabia ndipo uangalie mdomo, miguu, na mwisho rangi. Ninyi mnaanza na simu. Mnaielekeza, simu inatoa jina, mnalitangaza kwa wageni kifua mbele. Juzi simu ya mmoja wenu ilitaja ndege anayeishi kwenye barafu, na hapo tulikuwa tunatokwa jasho mpaka soksi.

Jambo lingine, msiwafuate ndege. Wageni wanapenda kuwafuata. Wanashuka kwenye tope la mikoko wakiwa na viatu vizuri, wanapiga hatua chache, halafu wao wanaendelea na viatu vinabaki. Subirini maji yajae. Maji yakijaa yanafunika tope kidogo kidogo na kuwasukuma ndege wenyewe waje mlipo, mkiwa mmekaa, mnakula mihogo yenu. Nyumbani kwangu nina viatu vya wageni vya kutosha kufungua duka, bahati mbaya vingi ni vya mguu mmoja.

Na msikimbilie kutangaza. Kuna mwaka tulikuwa na kundi la wataalamu, watu waliosoma kweli, na Mwalimu mwenyewe yumo, tukaona kitu cheupe kwenye tope mbali upande wa pili. Kimetulia, kina kama shingo fupi. Mmoja akasema ni ndege mzamiaji wa baharini, mwingine akasema ndiyo ila ni kinda, wa tatu akasema kinda gani lenye kichwa hicho. Vitabu vikafunguliwa. Walibishana mpaka maji yakajaa, na yule ndege akaanza kuelea kuja kwetu polepole, akapinduka, tukasoma maandishi ubavuni: SEMBE. Kilikuwa kiroba. Mwalimu alicheka mpaka akakaa chini, na tangu siku hiyo ndege yeyote asiyejulikana tulimwita Sembe mpaka athibitike. Nawapa kanuni hiyo bure. Ndege aliye hai ana shughuli zake, atajikuna, atageuka, atanyanyua mguu. Msubirini ajikune.

Katika ndege wote Mwalimu alimtaka mmoja, na alimtaka miaka yote niliyomjua. Ni ndege mweupe wa bahari kuu, anayeishi mbali kabisa na nchi kavu, ambaye mkiani ametokeza manyoya mawili membamba, marefu kuliko mwili wake. Jina lake la Kiswahili sikuwahi kulisikia kwa mtu. Mwalimu alimwita mkia-uzi. Picha yake aliikata kwenye kitabu kilichochakaa, akaibandika ndani ya mlango wa kabati, na mkewe marehemu aliwahi kuniambia kwamba picha ya harusi ilikuwa chini ya huyo ndege. Tulimtafuta kila baada ya upepo mkali, maana upepo ndio unaomtoa huko aliko. Hatukumpata. Wengine walimwona Mafia, wengine Pemba, nao walimpigia Mwalimu simu kumweleza, jambo ambalo mimi naliita ukatili.

Sasa niwaambie habari ya mama mkwe wangu, maana bila yeye hadithi hii haina mwisho.

Bi Mwanahawa, mama wa mke wangu Zaituni, analima mpunga kwenye kisiwa kimoja ndani ya delta, na kwa kuamia hana mpinzani. Teo lake linamfuata tetere mpaka angani. Kwake yeye ndege ni mwizi mwenye mabawa, na mwanamume mzima anayelipwa kuwatazama wezi bila kuwafukuza alikuwa msiba uliompata binti yake. Hakuniambia hivyo mimi. Kwetu mkwe anaonewa haya, hamwongei ana kwa ana mambo mazito, wala mkwe mwanamume hapazi sauti mbele ya mama mkwe. Sisi wawili tulizungumza kupitia kwa Zaituni, hata tukiwa mkeka mmoja. Yeye anasema, "Zaituni, mwambie mumeo chai inapoa," nami nakunywa. Zilipokuja simu hatukubadilika. Zaituni anaweka sauti ya nje, tunasikilizana vizuri kabisa, na bado kila neno linapita kwa Zaituni kwanza, naye siku akiwa amechoka anasema tu, "Mmesikia."

Huyo mama ndege wote wa delta aliwahesabu kuwa ni wangu. Kwelea wakishuka shambani, simu inapigwa: mwambie mumeo ndege zake wamekuja.

Miaka ikaenda. Mimi nikaanza kuumwa kiuno, na Mwalimu, ambaye alikuwa ameshastaafu na kuhamia Mchukwi kwa binti yake, akaanza kuumwa macho. Presha ya macho. Jicho la kushoto lilizimika kabla hatujaelewa, na la kulia madaktari walimwambia kweli bila kumficha: dawa itachelewesha, haitarudisha. Nilikwenda kumwona nikamkuta kibarazani. Nikamuuliza anaonaje. Akasema anaona kama anayechungulia ndani ya chandarua kikuukuu. Maji yanayong'aa yanamwumiza, hapo haoni kitu, ila cheupe kikipita mbele ya cheusi bado anakipata. Halafu akaniambia, "Hamisi, ndege wote niliowaona ninao kichwani, hawaendi popote. Yule mmoja sina." Nilirudi nyumbani nina hasira, na sikujua nimkasirikie nani.

Mwishoni mwa masika yaliyofuata ukaja ule upepo uliong'oa mapaa ya madungu. Siku ya pili yake simu ikalia. Zaituni akaweka sauti ya nje.

Bi Mwanahawa alisema mwambie mumeo ndege wake kaingia kwenye mpunga, kaamiwa, haondoki. Nikasema mwambie mama agonge debe. Akasema mwambie debe limegongwa mpaka limebonyea. Nikasema mwambie atumie teo. Akasema tope limempita ndege sikioni, naye ndege kafungua mdomo kamjibu. Katika maisha yake yote ndege hajawahi kumjibu. Alikuwa ameudhika kweli, nami, Mungu anisamehe, nilikuwa nauma shuka nisicheke. Nikafikiri ni yangeyange aliyevunjika bawa.

Jioni simu ikalia tena. "Zaituni, mwambie mumeo huyu si ndege, huyu ni ugonjwa. Hatembei, anajiburuza kwa tumbo. Na nyuma kavuta nyuzi mbili, sijui kanasa kwenye nyavu, nikataka kumkatia akaniuma."

Nikaruka kitandani na kiuno changu chote. Nikasahau haya, nikasahau Zaituni, nikaikamata simu nikasema, "Mama, usikate! Mfunike tenga!" Zaituni akanitolea macho. Kisha Bi Mwanahawa akasema taratibu, "Zaituni, mwambie mumeo nimesikia."

Kwa nini nilijua ni mkia-uzi? Kwa sababu ya tumbo, wala si kwa sababu ya nyuzi. Mwalimu alikuwa amenieleza zamani kwamba ndege huyo miguu yake imekaa nyuma mno, nchi kavu hawezi kusimama, na akitua penye majani hawezi kuruka tena. Kuamiwa alikuwa anasikia vizuri. Angekuwa na uwezo angeondoka kwa debe la kwanza. Hapo ndipo mnaona, wajukuu zangu, tabia kwanza.

Nikampigia binti yake Mwalimu. Alfajiri wakaja kwa bodaboda mpaka Nyamisati, Mwalimu katikati, amevaa kofia yake ya kazi na darubini shingoni ambayo haikuwa na faida tena. Boti nikaiendesha mwenyewe. Njiani hakuuliza chochote ila kitu kimoja, kama inawezekana ni Sembe. Nikamwambia kiroba hakimng'ati mama mkwe.

Tulimkuta Bi Mwanahawa amekaa juu ya dungu lake, tenga la kuku liko chini, juu ya tenga jiwe. Tukasalimiana kwa adabu zote. Nikafunua. Alikuwa yeye, mweupe, jicho jeusi, mdomo wa manjano, amekasirika kuliko kiumbe yeyote niliyewahi kumwona, na mkia ule nyuma yake umejaa tope lakini mzima. Mwalimu akapiga magoti, akasogeza uso karibu, akageuza kichwa huku na huku. Niliona anatafuta. Ndani ya tenga pana kivuli, ndege ana tope, na jicho lile halikumpata. Akanyoosha mkono, ndege akamng'ata kidole barabara, damu ikatoka. Mwalimu akasema, "Ahsante," na Bi Mwanahawa akamtazama binti wa Mwalimu kumuuliza kama baba yake ni mzima.

Tulimwosha tope kwa maji, tukampa samaki wadogo, akawameza bila shukrani. Njia ni moja tu kwa ndege huyo, kumrudisha majini, maana majini anaweza kuruka. Bi Mwanahawa alitangaza, kupitia kwa binti wa Mwalimu, kwamba atakuja nasi, kwa sababu ndege kamtoka shambani bila kushindwa na anataka kuhakikisha watu hawa hawamrudishi.

Hapa nilifanya kazi kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Ndege mzito akiruka kutoka majini anaelekea upepo unakotoka. Kusi, upepo wa kusini, lilikuwa limeanza. Nikaichukua boti mpaka kinywani mwa mto, pale ukingo wa kusini ulipo na mikoko mirefu iliyofungamana, nyeusi kabisa asubuhi. Nikakaa upande wa kaskazini ili akiruka apite mbele ya ile mikoko, cheupe mbele ya cheusi. Nikazima mashine. Nikamgeuza Mwalimu kwa mabega nikamwambia atazame pale, asihangaike na maji. Kisha nikamshusha ndege taratibu.

Akaelea. Akanawa kichwa, akatengeneza bawa moja, akatengeneza la pili. Akajikuna. Mkondo ukaanza kumsogeza kuelekea bahari wazi, kwenye mng'ao, ambako Mwalimu asingeona kitu. Kila alivyotengeneza manyoya alizidi kuondoka mbele ya mikoko. Nilikuwa na kopo mkononi nikajikuta nachota maji, boti kavu.

Mwalimu akauliza, "Bado yupo majini?" Nikamwambia yupo, na anachukuliwa.

"Hamisi," akasema, "amia."

Mtu huyu ndiye aliyenifunga mikono. Miaka yote ile, hata nzi sikumpigia kofi nikiwa naye. Nikaweka kopo chini. Nikanyanyua mikono, nikafungua mdomo, na sauti haikutoka, kwa sababu mbele yangu kwenye boti alikaa mama mkwe wangu na kanga yake kichwani, ananitazama. Nyinyi vijana mnacheka. Ngojeni muoe.

Bi Mwanahawa aliangalia nyuma yake, akaangalia pembeni, akaona Zaituni hayupo. "Mwanangu," akaniambia mimi, "unangoja nini weye? Amia."

Tukaamia. Mimi na mama mkwe, tumesimama kwenye boti, makofi, debe la petroli, na sauti ile ya dungu, yake imepanda juu ya yangu. Yule ndege akashtuka, akapiga mabawa juu ya maji, akapiga, akainuka, akageuka kuingia kwenye upepo na kupita mbele ya mikoko yote, mweupe, mkia umenyooka nyuma yake.

Niliacha kumtazama ndege nikamtazama Mwalimu. Kichwa chake kilikuwa kinageuka polepole, sawasawa na ndege, hakikubaki nyuma hata kidogo.

"Mbili," akasema. "Nyuzi mbili, Hamisi. Nimeziona." Mimi nilikuwa nalia waziwazi mbele ya mama mkwe, na ile haya ya mkwe ilikuwa imekwisha. Yeye alikuwa ameshakaa, anajifunga kanga vizuri, anamwambia binti wa Mwalimu kwamba ndege aliyemshinda yeye hajazaliwa.

Ndege akavuka ncha ya mikoko akaingia baharini, akapotea hata machoni pangu. Mwalimu alibaki amenyoosha kidole kile kilichong'atwa, anatuonyesha anakopita, sasa pale, sasa pale. Niliwasha mashine kwa sauti ndogo nikaigeuza boti kufuata kidole chake.